Unguja: Safari ya Wawili Wanaotaka Kujenga

*Wengine huenda Zanzibar kula fungate tu. Mwezi huu tunakupeleka wewe na mwenzio mkaguse kuta, mnuse chokaa na mtembee juu ya mikoko, kisha mrudi na mawazo mapya kuhusu ile nyumba mnayoiota.*

Msomaji mpenzi, kama uko kazini, umri wako ni ishirini na kitu au thelathini na kitu, na kuna mtu moyoni, bila shaka neno "kiwanja" limeshaingia kwenye maongezi yenu. Labda kipo Kibaha, labda Kigamboni, labda kule Goba ambako miaka michache iliyopita mlicheka bei na leo mnalia. Kila mshahara ukiingia mnanunua mifuko kadhaa ya saruji, lori la mchanga, nondo mbili tatu. Ndiyo ujenzi wetu, mdogo mdogo mpaka kieleweke.

Lakini hebu tuulizane. Katika mazungumzo yote hayo ya geti, tailizi na rangi ya jiko, ni mara ngapi mmezungumzia ukuta wenyewe? Umetengenezwa na nini, unatoka wapi, na mchana wa Februari utawafanya nini humo ndani? Wengi wetu tunamwachia fundi. Na fundi wa siku hizi ana jibu moja kwa kila swali: saruji. Msingi saruji, tofali saruji, plasta saruji, na uwanja mzima mbele ya nyumba saruji, eti matope yasiingie.

Hapo ndipo safari yetu inapoanzia. Mimi na mchumba wangu tuna kiwanja, tuna ramani, na tuna ubishi mmoja mkubwa ambao nitawasimulia mbele ya safari. Tukaona badala ya kugombana sebuleni, tupande boti twende mahali ambapo watu wa pwani walijenga majumba makubwa kwa karne nyingi bila mfuko hata mmoja wa saruji ya kiwandani. Siku mbili tu, Jumamosi na Jumapili. Twende kazi.

Juu ya boti: siri ya mfuko wa kijivu

Kutoka Dar es Salaam mpaka bandari ya Malindi, Unguja, ni mwendo wa kama saa mbili kwa boti ya kasi. Saa mbili ni nyingi kwa watu wawili wanaopendana, lakini tuchukue dakika tano tu za somo. Bila somo hili kuta mtakazoziona huko zitakuwa mapambo ya picha tu.

Saruji huanzia kwenye mawe ya chokaa. Kiwandani mawe hayo husagwa, yakachanganywa na udongo, kisha yakaingizwa kwenye tanuru lenye joto la kama nyuzi 1,450. Kinachotoka ni vidonge vigumu vya kijivu viitwavyo klinka. Klinka ikisagwa na jasi kidogo, ndiyo saruji yenyewe.

Tatizo ni kwamba jiwe la chokaa limefunga hewa ya ukaa ndani yake. Ukilichoma, hewa ile inatoka. Hata kama kiwanda kingetumia umeme wa jua mtupu, jiwe bado lingeitoa. Kila tani moja ya klinka huachia zaidi ya nusu tani ya hewa ya ukaa kutoka kwenye jiwe peke yake, kabla hujahesabu makaa au gesi ya kuwashia tanuru. Dunia inatengeneza takriban tani bilioni 4 za saruji kwa mwaka, na kwa sababu hiyo saruji inabeba kama asilimia 7 mpaka 8 ya hewa ya ukaa yote inayotokana na shughuli za binadamu. Kwa hiyo tunapolalamika kwamba mvua hazieleweki na joto limezidi, tukumbuke kwamba ule mfuko nao umo.

Sasa msinielewe vibaya. Mimi si adui wa saruji. Hospitali, madaraja na visima vinaihitaji. Ninachosema ni kwamba tunaimwaga kama maji ya bomba lililopasuka, mahali ambapo kitu kingine kingefaa, tena kwa raha zaidi. Shukeni sasa, tumefika.

Mji Mkongwe: ukuta unaopumua

Wekeni mabegi hotelini, vaeni viatu vya kutembelea, mzame vichochoroni. Mji Mkongwe uliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, na watalii huja kupiga picha milango yenye nakshi. Ninyi safari hii itazameni kwanza miimo ya milango, mpime kwa mkono unene wa ukuta. Nusu mita, pengine zaidi. Ingieni kwenye nyumba yoyote ya zamani iliyogeuzwa hoteli au duka, saa saba ya mchana, mtahisi kama mtu amefungua jokofu. Na mara nyingine hakuna kiyoyozi.

Kuta hizi ni mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa, mchanga na udongo mwekundu. Dari ni boriti za mikoko, zikapangiwa mawe juu yake, kisha likamwagwa zege la chokaa na kokoto za matumbawe. Zege hilo lilipigwa kwa vijiti, kundi zima la watu wakipiga kwa mdundo mmoja na nyimbo juu, siku baada ya siku mpaka likashikana. Nikamwambia mchumba wangu, fikiria ungealika marafiki zako waje kutupigia dari kwa nyimbo. Akasema wangekuja, ila wangeuliza kwanza pilau iko wapi.

Tulimkuta fundi mmoja mtu mzima akiziba ukuta kwa chokaa kwenye kichochoro kimoja nyuma ya Ngome Kongwe. Tukamwamkia.

"Shikamoo mzee."

"Marhaba wanangu. Karibuni. Mwatazama nini?"

Tukamuuliza kwa nini asipige saruji akamaliza mara moja. Akacheka, akapiga ukuta kwa kiganja kama mtu anayempigapiga mgonjwa mgongoni.

"Ukuta huu wapumua, mwanangu. Ukiupaka saruji umeuziba pua. Utauona wavimba, kisha wapukutika wote."

Maneno yake yana elimu kamili ndani yake. Jiwe la matumbawe hunyonya unyevu, na upepo wa bahari huleta chumvi. Plasta ya chokaa ina vinyweleo, kwa hiyo maji huingia na kutoka. Plasta ya saruji huyafungia ndani. Chumvi nayo hukusanyika nyuma yake, ikaganda, ikasukuma, na plasta ikabanduka na kipande cha jiwe. Tembeeni vichochoro vitatu vinne mtaona wenyewe. Penye viraka vya saruji ya kijivu ndipo ukuta unapokuwa umechubuka vibaya zaidi.

Chokaa ina sifa nyingine nzuri. Huchomwa kwa joto la kama nyuzi 900, chini sana kuliko klinka. Halafu ikishapakwa ukutani hukauka kwa kunyonya hewa ya ukaa kutoka angani, na polepole hurudi kuwa jiwe. Yaani sehemu kubwa ya kile jiwe lilichotoa tanuruni, ukuta hukirudisha. Kinachobaki angani bila kurudi ni moshi wa kuni zilizochomea.

Kabla ya jua kuzama piteni mbele ya Beit el Ajaib, jumba lililojengwa na Sultan Barghash mwaka 1883. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake iliporomoka, na watu wawili wakapoteza maisha. Simameni kimya kidogo hapo. Jengo la zamani ni kama ndoa, halidumu kwa sifa za siku ya kwanza. Linataka kuangaliwa kila mwaka: paa lisivuje, mti usiote ukutani, chokaa irudiwe. Anayewaambia kwamba nyumba ya vifaa vya asili haitaki matunzo, huyo anawadanganya.

Michenzani: ndoto ya zege

Kutoka Darajani, vukeni barabara mtembee kidogo tu mpaka Michenzani. Pale mtaona majumba marefu ya ghorofa yaliyonyooka kama mabehewa ya treni, yakikutana kwenye mzunguko. Yalijengwa baada ya Mapinduzi ya 1964, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 na kuendelea miaka ya 1970, kwa msaada wa wataalamu wa Ujerumani Mashariki. Nia ilikuwa njema: watu wa Ng'ambo waliokuwa kwenye vibanda wapate maji, umeme na choo ndani ya nyumba.

Nimewaleta hapa kwa makusudi, msije mkadhani zege ni dhambi. Familia nyingi zimelelewa humu, harusi zimefanyika humu. Lakini tazameni kuta zake nyembamba zinazopigwa na jua, kisha mkumbuke kichochoro mlichotoka. Umbali ni wa kutembea kwa miguu, na tofauti ya joto unaihisi kwenye shati. Jengo la zege lisilo na kivuli linataka kuendeshwa kwa umeme. Kama bili ya umeme imeshawahi kuwagombanisha, mnajua ninachozungumzia.

Kidichi: chokaa kwa ajili ya mapenzi

Asubuhi ya pili kodini gari, mwelekee Kidichi, kama kilomita 11 kaskazini-mashariki ya mji, katikati ya mashamba ya viungo. Kuna hamamu iliyojengwa mwaka 1850 na Sayyid Said bin Sultan kwa ajili ya mkewe Mwajemi. Mambo ya mahaba hayo, bwana! Wengine huleta maua, yeye alijenga bafu zima.

Ingieni ndani, muinue macho. Maua na majani yaliyochongwa kwenye plasta ya chokaa bado yapo ukutani. Miaka zaidi ya 170 imepita, na chumba hiki kilijengwa kwa ajili ya mvuke na maji. Sasa kumbukeni bafu la nyumba mliyopanga, lile linalovimba rangi kila masika. Sisemi mkajenge hamamu. Nasema chokaa, tunayoidharau kama rangi ya kupaka mashina ya miti na kuta za shule, ni kifaa cha ujenzi chenye heshima yake. Kwa plasta ya ndani na nje ya ukuta usiobeba uzito mkubwa, inafaa sana. Masharti ni kwamba fundi awe anaijua, na iachwe ikauke taratibu.

Pete: mbona tusijenge kama zamani?

Hapo mwenzio atasema, "Basi tujenge kwa matumbawe na boriti, tumemaliza." Jibu liko Pete, kwenye Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, kama kilomita 35 kutoka mjini kuelekea kusini-mashariki. Watu huja kuwaona kima punju, nanyi waoneni, wana nywele za kuchekesha kweli. Kisha vukeni kwenda kwenye daraja la mbao linalopita juu ya mikoko.

Tembeeni polepole, mmoja mbele mmoja nyuma. Maji yakitoka mtaona mizizi imesimama kama vidole na kaa wakikimbizana topeni. Tope hilo jeusi limejaa majani na mizizi ya miaka mingi isiyooza haraka kwa sababu hewa haifiki. Ndiyo maana msitu wa mikoko huhifadhi kaboni nyingi sana ardhini. Vilevile huvunja nguvu ya mawimbi na hulea samaki wachanga, wale ambao mtawala baadaye Forodhani.

Kwa karne nyingi majahazi yalibeba boriti kutoka delta ya Rufiji na Lamu mpaka Oman na Ghuba, kwa sababu kule hakuna miti ya kutosha. Leo idadi ya watu imeongezeka mno. Tukikata mikoko kwa kila nyumba, tukachimba matumbawe hai baharini, na kuchoma chokaa kwa kuni za misitu iliyobaki, tutakuwa tumeharibu kingi kwa jina la kuokoa. Na mchanga nao, hapa kisiwani umekuwa adimu kiasi kwamba uchimbaji wake ulibidi kudhibitiwa na Serikali.

Kwa hiyo tunachochukua kwa wazee ni akili yao. Chumba chao kilikuwa na upana wa boriti, si zaidi ya mita 3 hivi. Mti ndio uliowaamulia ukubwa, na juu ya chumba chembamba dari halikuhitaji nguvu nyingi kulishika. Walitumia kilichokuwa karibu, wakajenga kwa kivuli na upepo, na nyumba moja ikalala watoto, wajukuu na vitukuu. Nyumba inayokaa miaka 150 gharama yake kwa dunia hugawanywa kwa vizazi vitano. Nyumba inayobomolewa baada ya miaka 20 kwa sababu ramani imepitwa na fasheni, hiyo ndiyo ghali.

Fumba: mbao zinarudi

Alasiri rudini upande wa mjini, kisha mshike barabara ya Fumba, kusini-magharibi ya kisiwa. Huko kunajengwa mji mpya, na baadhi ya majengo yake ni ya mbao. Ndiyo, mbao! Mwaka 2022 ulitangazwa pia mpango wa kujenga huko mnara wa ghorofa 28, wenye urefu wa mita 96, mbao zikishirikiana na zege. Mwaka huohuo, kule Milwaukee, Marekani, lilikamilika jengo la Ascent lenye ghorofa 25, mbao zikiwa juu ya msingi na ghorofa za chini za zege. Kwa hiyo mambo ya mbao si ya vibanda tena.

Hesabu yake ni rahisi. Mti unapokua hunyonya hewa ya ukaa, na kama nusu ya uzito wa mbao kavu ni kaboni. Ukiifanya nguzo au ukuta, kaboni ile inakaa nyumbani kwako badala ya angani, ili mradi mti mwingine umepandwa mahali pa ule uliokatwa. Na sisi mashamba ya misonobari tunayo. La Sao Hill, Mufindi, ndilo kubwa zaidi la Serikali Tanzania.

Mchwa je? Moto je? Hofu hizo ni za haki. Mbao lazima ziwe kavu, zimetiwa dawa sawasawa, na ziinuliwe kutoka ardhini. Mbao nene huungua polepole, zikitengeneza tabaka la mkaa linalolinda kilicho ndani, lakini hilo hupangwa na mhandisi, halibahatishwi. Na sisi tayari tunalala chini ya mbao kila usiku: kenchi za paa lako ni nini?

Ubishi wa Forodhani

Sasa ubishi wetu. Jioni Forodhani, sahani ya pweza katikati, urojo pembeni, mwenzangu akatoa simu akafungua ramani. Yeye anataka ghorofa moja na paa la zege la bapa, "tukae juu jioni na wageni". Mimi nataka nyumba ya chini, baraza pana pande mbili na paa lenye mteremko. Tumeshabishana juu ya hili mpaka mama mkwe mtarajiwa akaingilia.

Safari hii tulibishana tukiwa na hoja. Nikamwambia, sakafu ile ya juu na nguzo za kuibeba ndizo zitakazokula saruji na nondo nyingi zaidi, na mchana kutwa paa la bapa litakusanya jua lituteremshie usiku. Naye akasema, sawa, lakini ghorofa inaokoa ardhi. Kiwanja ni kidogo, na tukitandaza nyumba chini hakuna mti utakaopata pa kuota. Hapo nikakubali, ana haki. Kivuli cha muembe nacho ni kifaa cha ujenzi.

Tukaanza kufuta. Sebule ya pili ya "wageni rasmi"? Futa. Nguzo nne kubwa za mbele ambazo hazibebi kitu, zimewekwa za kuoneshea tu? Akanyamaza kidogo, akafuta mwenyewe. Ghorofa ikabaki, ila ya vyumba viwili tu, sakafu yake ya mbao na juu yake bati la mteremko lenye nafasi ya hewa. Baraza langu nikapata. Tulipohesabu, nyumba ilikuwa imepungua karibu robo, na hakuna aliyehisi amepunjwa. Kifaa cha kijani kuliko vyote, msomaji mpenzi, ni kile chumba ambacho hukukijenga.

Mkirudi bara: mambo ya kumuuliza fundi

Safari tamu ni ile inayokubadilisha ukirudi. Chukueni kalamu.

*Someni mfuko.* Juu ya mfuko wa saruji kuna maandishi ambayo wengi hatuyaangalii. CEM I maana yake ni klinka karibu tupu, asilimia 95 au zaidi ukiacha jasi. CEM II ina klinka kati ya asilimia 65 na 94, na kilichobaki ni vitu vingine vilivyosagwa. CEM II ya daraja B inashuka mpaka 65 hadi 79, na CEM IV inaweza kushuka zaidi. Herufi P inaonesha pozolana, yaani majivu ya volkano ya asili, na L ni unga wa jiwe la chokaa. Pozolana tunayo nyumbani, nyanda za Mbeya na Songwe. Warumi walichanganya majivu ya aina hiyo na chokaa, na kuba la Pantheon mjini Roma bado limesimama baada ya karibu miaka 1,900.

*Msichanganye namba.* 32.5 na 42.5 ni nguvu ya saruji baada ya siku 28. Kwa tofali na plasta 32.5 inatosha. Kwa nguzo na sakafu za juu msikilizeni mhandisi. Saruji yenye pozolana hukomaa polepole, kwa hiyo msifungue mbao za zege haraka, na mmwagilie maji angalau siku 7. Zege lililokauka na kiu ni zege lililopotea.

*Angalieni ndoo ya maji.* Mafundi wengi huongeza maji ili zege liteleze kwa urahisi. Maji yakizidi nguvu inashuka, kisha mnaambiwa muongeze mifuko. Zege likiwa na maji ya kiasi na kokoto zilizopangika ukubwa, mifuko inapungua bila nyumba kudhoofika.

*Ulizieni tofali za udongo zinazofungamana.* Ni udongo mwekundu na saruji kidogo, vinashindiliwa kwa mashine, hazichomwi kwa kuni, na hujengwa kwa udongo wa kuungia kidogo sana au bila kabisa. Zikipangwa vizuri hazihitaji plasta, na zinapendeza kweli. Pimeni kwanza udongo wa kiwanja chenu, maana si kila udongo unafaa, na zilindeni na mvua kwa msingi ulioinuka na paa lenye masikio mapana.

*Msichukue mchanga wa ufukweni.* Ni wizi kwa pwani, na chumvi yake hula nondo ndani ya zege. Nyumba inaoza ikiwa imesimama.

*Geuzeni nyumba kabla ya kuimwaga.* Madirisha yatazame upepo wa kusi na kaskazi, ukuta wa magharibi uwe na kivuli. Hili halina bei dukani, ila mkishamwaga msingi hamlirudishi.

Na kuna jambo la kusubiri kwa hamu. Watafiti wa chuo cha EPFL, Uswisi, wakiongozwa na Profesa Karen Scrivener, pamoja na wenzao wa Cuba na India, wametengeneza saruji iitwayo LC3. Nusu tu ni klinka, asilimia 30 ni udongo wa kaolini uliochomwa kwa nyuzi 700 mpaka 850, asilimia 15 jiwe la chokaa lisilochomwa na 5 jasi. Hewa ya ukaa inapungua kwa kiasi kinachofika asilimia 40. Na milima ya Pugu, hapo Kisarawe, imejulikana miaka mingi kwa kaolini yake. Mjukuu wenu huenda akajenga kwa udongo wa Pugu na asishangae kabisa.

Basi wapenzi wasomaji, panga siku, nunueni tiketi, na mbebe ramani yenu pamoja na nguo za kuogelea. Mkikaa barazani kwenye jiwe la ubaridi saa ile ya joto, muulizane taratibu: nyumba yetu, watoto wa watoto wetu wataikuta? Mkikubaliana jibu hapo, mengine ni kazi ya fundi. Safari njema, na ujenzi mwema!